Zoezi Zuri Hukunyima Kitu

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria warsha ya uandishi ambayo mwezeshaji wake, siku ya pili tu, alitupa kazi: kila mmoja aandike ukurasa kwa mtindo wa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani. Nusu saa. Hakuna aliyeuliza swali. Tulijua la kufanya: sentensi fupi, mvua, mtu anakunywa, kuna jambo linamkera na halisemi. Nikausoma wangu, nikapigiwa makofi, nikarudi kitini kifua mbele. Juzi, nikipangua makaratasi, nimeukuta. "Aliingia. Alikaa. Aliagiza kinywaji. Mvua ilinyesha. Hakusema neno." Unasomeka kama daftari la mlinzi wa zamu ya usiku.

Simlaumu mwezeshaji. Mazoezi ya aina ile yamejaa kila mahali, nami nimewapa wengine kabla sijaanza kuyatilia shaka. Ubovu wake ni kwamba yanakuvisha. Unapewa koti la mtu, unalivaa nusu saa, wenzako wanacheka kwa kuwa wamelitambua, unalivua. Ulivyokuja ndivyo unavyoondoka. Siku hizi naamini kwamba zoezi linalotokana na mbinu ya mwandishi mahiri lina faida pale tu linapokunyang'anya kitu: neno unalolikimbilia, nafsi uliyoizoea, ruhusa ya kueleza. Ukishanyimwa inabidi utafute pa kupitia, na huko unakopitia ndiko alikopita yeye.

Tuanze na huyo huyo Hemingway. Mwaka 1917, akiwa na miaka 18, alianza kazi katika gazeti la Kansas City Star, lililokuwa na karatasi ya kanuni kwa waandishi wake. Mwanzoni kabisa kanuni hizo zilidai sentensi fupi na aya fupi za kufungulia. Ufupi, basi, aliukuta kazini. Mbinu yake hasa aliieleza mwaka 1932, katika kitabu chake juu ya mchezo wa fahali wa Hispania: siwa barafu, ule mlima wa barafu unaoelea baharini, hutembea kwa heshima kwa sababu ni sehemu moja tu kati ya nane iliyo juu ya maji. Mwandishi anayelijua jambo lake sawasawa anaweza kuliacha, na msomaji atalihisi. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameshalifanya hilo katika hadithi ya mwanamume na mwanamke wanaongoja treni. Wanabishana kuhusu upasuaji ambao mwanamke atafanyiwa au hatafanyiwa, na jina la upasuaji wenyewe halitajwi hata mara moja. Zoezi liko hapo: andika watu wawili wanaovutana juu ya jambo, na jambo lenyewe usiliandike. Sentensi zako ziwe ndefu upendavyo.

Halafu Kiswahili kina hesabu yake. "Nisingalimwambia" ni sentensi kamili, nayo ni neno moja. Tutapunguza nini zaidi? Na ile "Aliingia. Alikaa. Aliagiza" inachosha sikio kwa sababu lugha imetupa -ka- kwa kazi hiyo hiyo: aliingia, akakaa, akaagiza. Hemingway mwenyewe alipenda kufunga tendo kwa tendo kwa kurudia kiunganishi kimoja kile kile, na -ka- yetu ingemfaa sana. Anayeiga nukta zake katika Kiswahili anatupa kamba aliyokuwa akifungia vitu.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka sana kwenye mazoezi haya: futa vivumishi vyote. Chukua ukurasa wako wa Kiswahili ufanye hivyo. Utatoa vinne, vitano, na ukurasa utabaki umesimama kama ulivyokuwa. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache. Sifa nyingi tunazibebesha vitenzi (mlango uliolegea) au kile kiunganifu cha -a (mtu wa maneno mengi). Magongo tunayoegemea ni mengine. Ni "kama", "mithili ya", "utadhani". Ni methali inayokuja kufunga aya ambayo ilikuwa imekwisha. Ni vile vifungu vinavyojiandika vyenyewe mhusika akiogopa tu: moyo ulimwenda mbio, kijasho chembamba kilimtoka, magoti yalimlegea, machozi yalimtiririka njia mbili mbili. Andika ukurasa wa mtu mwenye hofu bila moyo, jasho, magoti, machozi wala mate kukauka. Mimi nilipolijaribu, dakika kumi za kwanza sikuandika kitu. Nilikuwa natazama ghala tupu.

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo somo la Gustave Flaubert, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, likiwa limevaa Kiswahili. Mwanafunzi wake, Guy de Maupassant, alilisimulia mwaka 1888, katika dibaji ya riwaya yake mojawapo: mzee alimtaka amweleze muuza duka aliyekaa mlangoni pake, au bawabu anayevuta kiko chake, hivi kwamba msomaji asiweze kumchanganya na muuza duka au bawabu mwingine yeyote, na kwa neno moja aonyeshe farasi huyu wa gari la kukodi anatofautianaje na wengine hamsini wanaomfuata na kumtangulia. Kifungu kilichokwisha kupikwa kinashindwa hapo hapo. "Farasi aliyechoka" anawafaa wote hamsini na mmoja.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Benjamin Franklin, na alilielewa akiwa bado kijana mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake mjini Boston. Aliangukia juzuu moja la Spectator, jarida la insha ambalo Addison na Steele walikuwa wakilitoa London, akaipenda nathari yake kupita kiasi. Hakuinakili. Aliandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi, akayaweka madokezo kando kwa siku kadhaa, kisha akajaribu kuijenga insha nzima upya bila kukitazama kitabu. Ndipo akalinganisha, akaona makosa yake, akayarekebisha. Akagundua kuwa akiba yake ya maneno ni ndogo, kwa hiyo akaanza kuzigeuza hadithi kuwa mashairi, kwa kuwa shairi linakulazimisha utafute neno lenye urefu fulani na sauti fulani. Alipokwisha kuisahau nathari akayarudisha mashairi kuwa nathari. Wakati mwingine aliyachanganya madokezo ovyo, akangoja wiki kadhaa, kisha akajaribu kuyapanga.

Tazama alivyokuwa akijinyima kwa zamu. Kwanza alijinyima maneno ya wenyewe, akabaki na mawazo. Kisha akajinyima uhuru wa nathari. Mwisho akajinyima mpangilio. Na anasimulia, kwa kiburi kidogo ambacho namsamehe, kwamba mara nyingine alijipa raha ya kudhani kuwa katika vitu vidogo vidogo amewashinda wenyewe.

Wapo wanaoapa kwa kunakili neno kwa neno. Hunter S. Thompson, mwandishi wa Marekani, alipiga taipu riwaya ya mwenzake aliyemtangulia, Fitzgerald, ili mikono yake isikie mwendo wa sentensi zile. Huenda kwa mikono ya Thompson ilifaa. Mimi niliwahi kunakili sura nzima ya riwaya niipendayo kwa kalamu, na ukurasa wa tatu nilikuwa nikiwaza nguo nilizoziacha kwenye kamba.

Zoezi lililonibadilisha zaidi ni la John Gardner, mwandishi na mwalimu wa Marekani, katika kitabu chake cha kufundishia kilichotoka mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Eleza banda kama linavyoonwa na mzee ambaye mwanawe ameuawa vitani hivi karibuni. Usimtaje mwana, usitaje vita, usitaje kifo, wala usimtaje mzee mwenyewe. Kisha lieleze banda lile lile, saa ile ile, hali ya hewa ile ile, kama linavyoonwa na mtu mwenye furaha ya mapenzi. Usitaje mapenzi wala mpenzi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili:

"Banda lilisimama peke yake, kimya kama kaburi. Upepo ulilia kwenye nyufa. Giza lilikuwa limelimeza."

Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikaona "kaburi", ambalo ni kifo kilichopenyezwa kwa mlango wa nyuma. Nikalifuta. Nikaona "ulilia". Nikaona "peke yake". Kila sentensi ilikuwa na mwombolezaji aliyejificha ndani yake. Baya zaidi, banda lile lingemfaa yeyote mwenye huzuni: aliyeachwa, aliyefukuzwa kazi, aliyepoteza fedha. Lilikuwa farasi wa hamsini na moja. Nikaanza tena, na safari hii nikajikataza neno lolote ambalo mtu huyu asingelitumia akiwaeleza mafundi kazi wanayopaswa kufanya pale.

"Bawaba ya juu imeng'oka, mlango unakwaruza chini ukifunguliwa. Ndani zimo ngazi mbili zimeegemezwa ukutani, ndefu na fupi. Ile fupi, vipago vyake vya chini vimelika katikati. Cha juu kabisa bado kina alama za msumeno."

Ile ngazi fupi sikuipanga. Ilikuja kwa sababu milango mingine yote ilikuwa imefungwa. Jicho lilikosa pa kwenda likaenda chini, likaona mahali ambapo mguu mdogo ulikuwa ukikanyaga, na mahali ambapo haukufika. Nilipolisoma kwa rafiki bila kumwambia lolote, alinyamaza kidogo akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Kisha yule wa mapenzi:

"Bawaba ya juu imeng'oka, mlango unapiga kelele ukifunguliwa, labda ukiinuliwa kidogo utanyamaza. Ngazi ndefu ni nzito mno. Ile fupi, ikisimamishwa juu ya kreti, inafika dirishani."

Bawaba ile ile, ngazi zile zile. Hakuna neno tamu hata moja na bado mtu huyu ana mpango wa usiku. Nilichotoka nacho ni kidogo na ni mahususi: hisia ilikuwa imehama kutoka kwenye vielezi na tashbihi, imekwenda kukaa kwenye uamuzi wa nini kihesabiwe na nini kipitwe.

Sasa lile ninalolipenda kwa sababu ya lugha yetu. Kundi la waandishi liitwalo Oulipo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1960 na Raymond Queneau na François Le Lionnais, kazi yake ikiwa kutafuta masharti ya kuandikia. Mwanachama wake Georges Perec alichapisha mwaka 1969 riwaya ya kurasa zipatazo 300 isiyo na herufi e hata moja, herufi inayotumika kuliko zote katika Kifaransa. Wanaoliita jambo hilo mchezo wa maneno wangefikiri kidogo. Jina la Georges Perec lina e nne. Kifaransa bila e hakina père wala mère, yaani "baba" na "mama". Baba yake alikufa vitani mwaka 1940; mama yake alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1943 na hakurudi.

Katika Kiswahili kuiacha e ni usumbufu tu. Jaribu kuiacha a. Nilianza kwa mzaha, na ndani ya saa moja nilikuwa nimeiona sarufi yangu ikiwa uchi. Vitenzi vyetu vingi, katika kauli ya kukubali, huishia kwa a. Vyote hivyo vimekwenda. Kiambishi cha nafsi ya tatu ni a-, na wingi wake ni wa-, kwa hiyo mtu mwingine hawezi kutenda tena: huna alikuja, huna walikuja. Wakati uliopo una -na-, ujao una -ta-, kwa hiyo huna sasa wala kesho. Unabaki na -li- na -me-. Viunganifu vyote vimekwenda, wa, ya, cha, la, za, pamoja na kwa na na. Umiliki ndio ulionishangaza zaidi. Changu, chako, chake na chao vyote vina a. Kilichobaki ni chetu na chenu.

Na kuna kinachobaki kando ya hapo: kikanushi cha wakati uliopo, kwa kuwa huishia kwa i (sioni, sijui), hali tegemezi, kwa kuwa huishia kwa e (niende, nisogeze), vitenzi visivyoishia kwa a, vingi vyake vikiwa na asili ya Kiarabu (rudi, jibu, fikiri, subiri), na ile hu- ya mazoea, ambayo ndiyo upenyo pekee wa nafsi ya tatu: mgeni hurudi. Vitu vinaweza kutenda, kiti kimerudi, mto ulitii, lakini mtu, nje ya hiyo hu-, hawezi. Baada ya jioni tatu nilikuwa na hiki:

"Nilirudi usiku. Sioni mtu, sisikii kitu. Kiti chenu ni kile kile. Sijui niketi, sijui nikisogeze."

Msimulizi huyu sikumjua. Mimi si mwandishi wa nafsi ya kwanza, wala si mtu wa kukanusha kila sentensi. Kurukia "sioni" baada ya "nilirudi" kulilazimishwa na herufi, na kukaleta ubaridi ambao nisingeuthubutu kwa hiari. Na hao "ninyi" wa "chenu" ni akina nani? Sikuwa na njia ya kuandika kiti chake. Herufi moja iliyokosekana ilikuwa imeniletea familia nzima isiyokuwepo chumbani.

Shaaban Robert naye hunyimwa haki yake katika mazoezi ya kuiga. Ukimwambia mwanafunzi aandike kama yeye, atakuletea Bwana Dhuluma na Bibi Subira, kwa kuwa majina yenye maana ndiyo yanayoonekana kwa nje. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa Waingereza, ina kitu kigumu zaidi. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, katika nchi ambayo mwandishi ameiweka angani ili isionekane ni ya duniani. Akipewa nafasi ya kujitetea, Karama anasimulia safari za wajumbe waliotumwa kabla yake na yaliyowapata waliporudi. Utetezi wake ni habari za watu wengine. Hilo ni sharti la kuandikia ukitaka: mhusika wako ameshtakiwa, haruhusiwi kujizungumzia, ana haki ya kusimulia kisa cha mtu mwingine tu. Majina waite upendavyo.

Washairi wa Kiswahili walikuwa na zoezi lao kabla hatujapata hata neno warsha. Katika takhmisi, ambayo jina lake latokana na tano ya Kiarabu, mshairi huchukua maneno ya mkongwe na kuyatangulizia ya kwake mpaka ubeti ufike mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwenye Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo: mitatu ya kwanza yake, miwili ya mwisho ya Liyongo. Ugumu wake hauonekani hadi uguse mwenyewe. Mwisho si wako. Unajua pa kufika, unajua kina cha kufikia, na lazima ufike bila kusukumwa, mpaka mstari wa mkongwe uonekane umezaliwa na wako. Huwa natumia mbinu hiyo kwa nathari: chukua sentensi ya mwisho ya hadithi uipendayo, usahau hadithi yake, andika sentensi tatu za hadithi nyingine kabisa zinazoangukia pale. Mara zote za mwanzo nilifika mapema mno. Sentensi yangu ya pili ilikuwa tayari imeshasema kila kitu, na mgeni wangu akaja kukuta vyombo vimeoshwa.

Kuna wanaoogopa kwamba kuiga kutawapotezea sauti yao. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti, aliandika mwaka 1887 kwamba alikuwa nyani mwenye bidii, akiwaiga waandishi kama Hazlitt, Lamb, Defoe, Montaigne na wengine, na kwamba upende usipende, hiyo ndiyo njia ya kujifunza kuandika. Hajawahi mtu kumchanganya Stevenson na Montaigne. Nina wasiwasi zaidi na muda. Nusu saa ya warsha inatosha kuvaa koti na kulivua. Sharti linaanza kuuma siku ya pili, ukisharudi na kukuta ulichoandika kimejaa njia za mkato. Nikiulizwa siku hizi, nasema zoezi moja kwa wiki tatu, na mtu wa kumsomea asiyejua sharti ni lipi.

Kile kiti nilikirudishia herufi yake mwaka huu, nilipokuwa natafuta mwanzo wa hadithi ndefu. Msimulizi sasa ana jina na dada wawili, na anaweza kusema kesho. Sentensi nyingi zilifunguka mara moja, kama dirisha lililokuwa limepigwa misumari. Nilipofika mwishoni mwa aya nilijaribu "Sijui kama nikae au nikisogeze", nikajaribu "Hakujua akae", nikajaribu mara tano nyingine. Imechapwa ilivyokuwa: sijui niketi, sijui nikisogeze.